Vigingi Kwenye Magimbi

Jumatano, masika yanakaribia.

Ofisa anayepima viwanja vya kijiji cha ujamaa leo amepiga vigingi bondeni, palepale penye magimbi na matete. Amepapenda kwa sababu ni tambarare.

Nilimwambia maji hayaondoki hapo, hata kiangazi yamelala chini, na mvua ikianza ardhi hulegea kama uji. Ndiyo maana sisi Washambaa hujenga migongoni mwa vilima, na bonde tukaliachia magimbi. Nikachimba shimo la kina cha goti. Maji yakajaa tukiyatazama.

“Hongera mzee,” akacheka, “umetupatia na kisima!”

Akaandika: panafaa.

Kisha akanipa ncha ya kamba ya kupimia. Nikaishika. Enzi za Mwingereza walikuja wapimaji na kamba kama hiyo, wakatuondoa kwetu msituni, na tangu hapo sijui kumbishia mtu mwenye kamba.

Kiwanja cha nane kikaangukia kwa binti yangu Halima, mwenye watoto wanne. Akaniuliza taratibu, “Tate, hapa tutalala vipi?”

Nikaivuta kamba ikanyooka sawasawa, kama nilivyoagizwa.