Turubai la Gramu Mia Sita

Jumatatu, 3 Septemba

Daktari kaliminya goti, kalikunja, kalinyoosha, halafu akanitazama juu ya miwani. Mwisho kilo kumi mgongoni. Zaidi ya hapo nisije kumlilia. Nikaitikia kwa adabu, kichwani napiga hesabu. Hema kilo tatu na nusu. Bunduki vilevile. Begi lenyewe mbili. Imebaki kilo moja ya kula, kunywa na kujifunika!

Jioni nikampigia kaka. Hakukawia hata kidogo: mwaka huu nibaki chini kwenye gari, niwapikie wakishuka. Mimi! Misimu kumi na nane ya kuwinda naye, na sheria yake naijua: kila mtu na mzigo wake, hakuna kubebewa. Miaka yote hiyo nimetembea wa mwisho. Mbele huwa yeye, na kwetu anayetangulia ndiye peke yake mwenye risasi kwenye bunduki. Wengine zetu ziko mfukoni, kwa usalama. Sijalalamika. Lakini sasa hata nafasi ya mkiani nanyang'anywa!

Nimeunguza mboga kwa hasira. Mume wangu kaimaliza sahani yote, mtu mwenye akili.

Alhamisi, 6 Septemba

Nimepata! Nilikuwa kwenye cherehani, namalizia makoti ya mvua ya walinzi, mkono ukagusa kitambaa kilichobaki. Chepesi kama hakipo. Kwani lazima hema? Mlango wa nini, sakafu ya nini? Turubai moja, kamba, basi. Fimbo zangu za kutembelea ndizo nguzo.

Kitambaa ni chembamba kwa upana, nikaunga vipande viwili katikati. Nimeshona mara mbili, mshono wa kujivunia. Kwenye mizani: gramu mia sita na arobaini. Nimecheza peke yangu dukani. Mteja kaingia, kanikuta hivyo. Shauri yake.

Jumapili, 9 Septemba

Aibu tupu. Nimelitundika uani, nikalala chini yake, mume wangu akafungulia mpira wa maji. Tone la kwanza usoni. La pili sikioni. Halafu mfululizo, kwenye mstari ulionyooka kabisa — mshono wangu! Fundi wa miaka ishirini na sita nimesahau kwamba kila sindano inaacha tundu. Na nimeshona mara mbili. Matundu mara mbili!

Mume wangu kacheka mpaka mpira ukamponyoka. Nimelowa, nimenuna, chai nimekunywa nimempa mgongo.

Jumamosi, 15 Septemba

Mwashi ndiye aliyeniokoa. Ni rafiki wa kaka, wa tatu katika safari zetu, na ndiye aliyenibandika jina la Sindano. Kaniletea gundi ya silikoni anayozibia kando za masinki. Nizimue kwa thina, nipake mshono kwa brashi, ndani na nje. Kaniomba nisimwambie kaka, asije akasema nimebebewa. Nimepaka, nimesubiri siku mbili, leo tumefungulia mpira saa nzima. Kavu! Kavu kabisa! Mume wangu sasa anajisifu kana kwamba kashona yeye.

Alhamisi, 20 Septemba

Tumepanda. Asubuhi pale garini kaka kaning'iniza begi langu kwenye mizani ya samaki: kilo tisa na gramu mia nane. Kalishusha, kalipima tena. Kauliza hema liko wapi. Nikamwonyesha bunda dogo, linaenea kiganjani. Kaka akaguna: kwani nimekuja kuanika mahindi? Mwashi kacheka, halafu kanikonyeza.

Njia nzima sijaachwa hata hatua. Goti kimya. Wao wawili wanabeba hema la vyuma, wanapokezana na kuhema. Nyuma huku natembea napiga mluzi.

Ijumaa, 21 Septemba

Lazima niandike kabla sijalala.

Saa tisa mchana, tukiwa mgongoni mwa mlima, mbingu ikafunga ghafla. Upepo, halafu mawe ya barafu. Kaka na Mwashi wakaanza kuchomeka vyuma. Mimi nikaelekeza upande mmoja wa turubai kwenye upepo, nikaubana chini kwa vigingi, upande wa pili nikauinua kwa fimbo mbili. Nikaingia. Dakika tatu, labda nne.

Kule kwao — kwa! Chuma kimevunjika, kimetoboa hema, upepo ukalipasua mpaka pembeni. Mwashi hakusubiri kualikwa. Kaja anatambaa: "Sindano, una chumba?"

Kaka kabaki nje kashikilia matambara. Nikamwita. Yuko sawa, ati. Barafu inampiga kichwani na yuko sawa! Nikapaza sauti: "Kaka, ingia bwana, utaniua kwa huruma!"

Akaingia. Lijitu lile, magoti kidevuni. Akainua macho, akaufuata mshono kuanzia mwanzo hadi mwisho, akisubiri tone. Mwashi kaangalia viatu vyake. Hakuna tone. Nilijizuia nisimkumbushe mahindi. Nikajizuia dakika mbili nzima. Halafu nikamkumbusha. Kacheka mpaka machozi, na mimi nikalia kidogo, sijui kwa nini.

Kasema kesho tushuke, hema limekufa, msimu umekwisha. Nikauliza kwa nini. Kibali chetu ni mpaka Jumapili na hapa tunaenea watatu. Akasema tutaona asubuhi.

Jumamosi, 22 Septemba

Tumeona! Nimeamka kunapambazuka, upande wangu wazi, hakuna zipu ya kufungua — na ng'ambo ya korongo kulungu dume, pembe hizo, anakula majani kwa raha zake. Nikamgusa kaka. Akatazama kwa darubini muda mrefu. Nusu saa kwa kupitia korongoni, kasema, upepo unatupendelea.

Hakuna habari ya kushuka tena. Mwashi anafunga. Turubai limerudi mfukoni, linadondosha maji. Naandika huku nimesimama, kalamu ya risasi, vidole baridi.

Sasa hivi kaka kafungua bunduki yake. Katoa risasi, moja, moja, kaziweka mfukoni, kafunga zipu. Nikamuuliza anafanya nini. Kaenda kusimama nyuma ya Mwashi, mahali pangu.

Njia iko wazi mbele. Wananisubiri. Kaka anasema niache kuandika, niweke risasi