Bibi Harusi Aliyekagua Shuka

Mpendwa Mama Brenda,

Umenilalamikia miaka mingi kwamba sifa zako unazisikia kwa majirani. Ukipita kwa kinyozi unaambiwa mzee wako alikuwa hapa jana akikusifu mpaka mtu akanyolewa upande mmoja, lakini ukifika nyumbani unanipata nimenyamaza kama redio iliyoishiwa betri. Ni kweli. Ndiyo maana leo nimeandika barua ya kusomwa na kila mtu, wewe ukiwa mmoja wao. Ukiisoma huko Doha wakati wa mapumziko, usitazame kulia wala kushoto. Ni mimi, na sijaugua.

Jumapili ulinipigia simu. Hoteli yako inataka usaini miaka mingine miwili, na wanangoja jibu kabla mwezi haujaisha. Ukaniuliza, "Baba Brenda, nisaini ama nirudi?" Nikasema, "Tutaona." Ukasema mtandao ni mbaya. Mtandao haukuwa mbaya. Nilikuwa namsikia hata mwenzako akikoroga chai.

Si mara ya kwanza uniulize swali kama hilo, wala si mara ya kwanza nikwepe. Mara ya kwanza tulikuwa tumekaa juu ya jiwe, kwenye kisiwa cha Ziwa Baringo, siku nne baada ya harusi yetu. Acha nianzie huko. Mengi unayajua, nayasema kwa ajili ya hawa wanaosoma juu ya bega lako.

Bibi harusi alikuwa na miaka arobaini na mitano, na aliyembebea maua ni binti yake mwenyewe, Brenda, aliyekuwa chuoni. Tulikuwa tumeishi pamoja hapa Free Area, Nakuru, miaka ishirini na miwili kwa ile ndoa ya njoo-tukae, mpaka kanisa likachoka kutungoja, likatufungisha siku moja na jozi nyingine sita. Pasta alituita kwa foleni kama watoto wa chanjo. Wenzako mliosafisha nao vyumba miaka kumi na tisa katika ile hoteli ya mjini wakaona aibu, wakachanga, wakatulipia siku tatu kisiwani. Kwenye bahasha waliandika neno moja: Fungate. Nilikuwa nikidhani fungate ni ya watu wenye magoti mazima.

Pale Kampi ya Samaki, kwenye ufuo, tulimkuta nahodha wa boti, mtu wa makamo, kofia imempauka, mkononi ana mataji mawili ya maua. Akatusalimu vizuri. "Karibu mzee, karibu mathe. Kaeni hapo kivulini kidogo, nangoja maharusi kutoka Nakuru." Nikafungua mdomo nimwambie. Ukanikanyaga mguu. Tukakaa. Jua la Baringo likatuivisha, na nahodha akapiga simu ofisini kulalamika kwamba vijana wa siku hizi hawajui saa. Wewe ulikuwa unatikisa kichwa kumuunga mkono. Baada ya kitambo ndipo ukamuuliza, kwa upole kabisa, wale maharusi wakikosa kuja hayo maua atayapeleka wapi. Akasema atampelekea mke wake.

"Basi mpelekee moja," ukasema. "Hiyo nyingine nipe mimi. Mimi ndiye bibi harusi."

Akakutazama, akanitazama, akatazama barabara. "Na bwana harusi?"

"Ndiye huyu. Hata mimi nilishangaa."

Yule mtu alicheka mpaka akakaa chini mchangani, na nadhani kuanzia hapo angekupeleka hata Turkana ungetaka.

Ndani ya boti tulipita katikati ya miti iliyokauka imesimama ndani ya maji, kisha tukaona bati la paa likichungulia juu ya ziwa kama mgongo wa mamba. Ilikuwa hoteli, nahodha akatuambia. Ziwa lilipanda likaimeza. Mimi wakati huo nilikuwa nakuonyesha kiboko. Wewe hukumtazama. Uliuliza wale waliokuwa wakisafisha vyumba vya hoteli ile walienda wapi. Nahodha akapunguza mwendo wa mashine. Akasema dada yake alikuwa mmoja wao, sasa anauza samaki huko Marigat, na kwamba katika abiria wote aliowavusha hakuna aliyewahi kumuuliza hilo. Nimelifikiria sana jambo hili, Mama Brenda. Kiboko ni mkubwa, mtu yeyote anaweza kumwona.

Chumba chetu kilikuwa kibanda cha mawe chenye paa la nyasi, upande wa mbele wazi kabisa, ziwa lote limelala mlangoni. Kitandani walikuwa wamemwaga maua mekundu kwa umbo la moyo, na juu yake taulo mbili zilizokunjwa zikawa ndege wawili wanaobusiana. Bibi harusi mwingine angelia kwa furaha. Wewe uliweka mkoba chini, ukainua ukingo wa godoro, ukachungulia. "Kona imelegea," ukasema. Ukayakusanya maua ukayatia kwenye glasi, ukavua shuka, ukatandika upya kona nne zikakaa kama bahasha. Nilikuuliza kama sasa tunaweza kupumzika. Ukasema hakuna mtu anayeweza kupumzika kwenye kazi ya nusu.

Asubuhi nilipotoka kuoga kitanda kilikuwa tayari, kioo kimepanguswa, na ndege wa taulo wamezaliwa upya wakiwa na shingo ndefu zaidi. Ukateremka kwenda kuona chemchemi za maji moto. Ndipo akaingia Nasieku, yule binti wa pale kisiwani aliyekuwa akitunza chumba chetu. Alisimama katikati ya chumba na ufagio wake, hana pa kuanzia. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mzee, mama ametumwa na ofisi kutukagua?"

Hapa ndipo naungama mbele ya watu. Ningeweza kusema hapana. Lakini sijawahi kufanana na mume wa mtu mkubwa maishani mwangu. Mimi ni fundi wa cherehani, wakubwa huniletea mashine na kuzungumza na mashine. Nikakohoa, nikasema, "Hayo siwezi kuyazungumza."

Kufikia chakula cha mchana kisiwa kizima kilikuwa na habari. Samaki aliyeletwa mezani kwetu alikuwa mkubwa kuliko sahani. Meneja alikuja kukusalimu kwa mikono miwili. Mhudumu alisimama nyuma yako kama askari, kila ukiinua kijiko anauliza kama supu ina moto wa kutosha. Nawe hukujua lolote. Ulinigeukia ukaninong'oneza, "Kumbe watu huolewa kwa sababu ya hii." Nikacheka, nikaongeza ugali.

Jioni jua likiwa bado juu ya vilima vya Tugen ulimkuta Nasieku nyuma ya kamba za nguo, analia. Alikuwa na miezi miwili tu kazini. Alikuwa amekunja shuka moja mara tatu kwa woga, akiamini kwamba wewe ndiye utakayemfukuzisha. Ulirudi chumbani ukaniuliza, nami nikakwambia yote, nikijaribu kutabasamu. Hukunipigia kelele. Ulisema tu, "Umecheza na kazi ya mtu," ukageuka ukatazama ziwa. Kati ya maneno yote uliyowahi kunipa, hayo ndiyo mazito. Nilienda kumwomba Nasieku msamaha nikiwa bado na viatu vya kuogea. Meneja naye nilimwambia ukweli. Kesho yake samaki wetu walirudi kuwa na ukubwa wa kawaida.

Lakini ulilofanya asubuhi hiyo ndilo ninalowasimulia wateja wangu mpaka sindano zinavunjika. Ulikivuruga kitanda kwa makusudi. Ukatupa taulo sakafuni, ukamwaga chai kidogo kwenye foronya, ukatazama fujo yako kama mtu aliyepika vizuri. Kisha ukamwita Nasieku akute kazi. Niliporudi kutoka kunyoosha miguu niliwakuta mmesimama kila mtu upande wake wa kitanda, mnacheka, unamfundisha kuvuta shuka kwa kifundo cha mkono na goti, si kwa kiuno. "Mgongo ni wako, kitanda ni cha tajiri," ukamwambia. "Usichanganye hizo mbili." Akajaribu. Kona ikakaa. Akasema, "Mama, wewe ungefaa kuwa mkubwa mahali."

Niliona uso wako ukibadilika, sikujua kwa nini. Nilijua alasiri, tulipokaa juu ya lile jiwe karibu na chemchemi, mvuke ukitupanda miguuni kama tuko jikoni kwa mtu. Ulitoa barua kwenye mkoba. Ulikuwa umetembea nayo tangu wiki moja kabla ya harusi. Hoteli ya Doha ilikuwa inataka mtu wa kusimamia vyumba vya ghorofa nzima. Ukaniuliza, "Niende ama nikae?"

Nami nikavuta pumzi, nikajibu, "Ni wewe wa kuamua. Mimi sitakuzuia."

Nilijiona nimesema jambo la hekima. Nilikuwa nimesikia mahali kwamba mume wa kisasa hazuii. Ulikunja barua polepole. "Nimekuuliza kama mume wangu," ukasema. "Umenijibu kama karani wa dirishani." Halafu ukavua viatu ukaenda kutia miguu kwenye maji yale, na mimi nikabaki juu ya jiwe na hekima yangu. Wiki ya tatu ulipanda ndege.

Miaka miwili hii nimekuwa na nafasi ya kulitazama lile jibu kama mashine iliyofunguliwa mezani. Sasa naona kilichokwama. Hukuwa unaomba ruhusa. Tangu nikujue hujaomba ruhusa ya mtu. Ulitaka kujua kama kuna anayetaka ukae. Nami nilikuwa nataka ukae mpaka meno yaliniuma. Lakini niliogopa kwamba nikisema kaa, ukikaa, kila siku ambayo mgongo utakuuma katika ile hoteli ya mjini mimi ndiye nitakuwa sababu. Kwa hivyo nikakupa uhuru kama mtu anayerudisha chungu cha jirani mbiombio kabla hakijamvunjikia mkononi. Sikukuheshimu, nilijikinga.

Ulienda, na ulifanya kama ulivyo. Nasikia wasichana wa Uganda na Nepali hawakubali kupangwa ghorofa nyingine. Nasikia uliwatafutia viti vya kukaa wakati wa mapumziko, ambavyo havikuwepo tangu hoteli ijengwe. Nasieku alipandishwa cheo kule kisiwani, akakutumia picha ya kitanda, si ya uso wake. Ukanitumia mimi. Nimeiweka dukani, na kila mteja huuliza kwa nini nimetundika kitanda cha watu.

Sasa nijibu. Siwezi kukuambia urudi kwa ajili ya Brenda. Amehitimu, yuko Eldoret anafanya kazi, na akinipigia simu ni kuniuliza kama nimekula. Siwezi kumsingizia mama yako huko Kakamega. Ni mzima kuliko mimi, wiki jana alinifukuza shambani kwake kwa kupalilia polepole. Siwezi kusingizia njaa. Nimejifunza kupika chapati, zina pembe lakini zinalika. Nimetafuta sababu ya heshima ya kujificha nyuma yake na sikuipata.

Kwa hivyo, usisaini. Rudi nyumbani. Nakutaka hapa, kwa sababu nakupenda na kwa sababu nyumba ikiwa na mimi peke yangu haina mtu wa kuona zaidi ya kiboko.

Najua ninachokuomba. Huko unaitwa madam na ghorofa nzima inasimama wima ukipita. Hapa utaanza upya, na hii Nakuru haitakupigia saluti. Inawezekana siku moja utashika kiuno ukisema heri ningebaki kule. Siku hiyo usijilaumu, na usiseme tuliamua pamoja. Sema ni Baba Brenda aliyeniambia nirudi. Useme kwa sauti. Nitakuwa nimekaa papo hapo, nasikia.

Anayekungoja bila kujificha,
Mume wako,
Baba Brenda