Ufunguo wa Mgeni wa Jana

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, na Mungu akukinge na baridi ya Hamburg. Huku Mbwawa hatujambo. Mama yako ameng'oa mihogo, na babu yako bado anabishana na redio.

Umeniandikia kwamba hoteli za huko hazishikiki kwa bei, mwenyeji mmoja akakulaza kwake bure, na asubuhi akakukabidhi ufunguo akaenda kazini. Unauliza, "Bibi, huyu ana akili timamu?"

Hata mimi nilishtuka hivyohivyo! Usichanani mwangu kwaya yetu ya Kisarawe ilialikwa mji huohuo, nikalala kwa mama mmoja, Helga. Asubuhi akanipa ufunguo, akaondoka. Mimi, mgeni wa jana! Kwetu mgeni haachwi peke yake, na nyumba ambayo mwenyewe hayupo hukai ndani, usije ukaambiwa kijiko kimepotea. Basi nikatoka, nikafunga mlango, nikakaa kwenye ngazi mpaka jioni, ufunguo nimeufumbata, meno yanagongana.

Helga aliporudi, mfuko wa mikate ulimdondoka.

"Kwa nini uko nje?" aliuliza kwa Kiswahili cha kubabaisha alichojifunza kwa ajili ya ugeni wetu.

"Nakulindia nyumba."

Aliketi palepale ngazini akalia. "Nilikuachia supu jikoni," akasema.

Ingia ndani, Neema, ule chakula cha watu. Ila mwonye mapema huyo mwenyeji wako: siku akija Mbwawa, hatapata hata dakika moja ya kukaa peke yake.

Bibi yako