Kinu Changu Kiko kwenye Magurudumu

Shangazi Mirtha mpendwa wa redio,

Nisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimebanwa. Mimi ni Guerda, nina karakana ya siagi ya karanga hapa Cap-Haïtien, ile ya pilipili, lakini mimi si wa hapa, ni wa Port-au-Prince, kule mlimani, nyumba yangu niliijenga chumba baada ya chumba kwa karanga tu, hakuna mwanamume wala serikali iliyonipa hata tofali, na siku wenye bunduki walipopanda mtaani kwetu niliondoka na kinu cha kusagia na wanawake watano niliokuwa nimewaajiri, tukaja huku kaskazini tukisema ni kwa mwezi mmoja, na sasa tuko mwaka wa tatu.

Kinu nilikifunga magurudumu ili siku ya kurudi nisihangaike. Nyumba hapa hupangishwa kwa mwaka mzima, fedha mkononi, mimi nikakataa, nikamwambia mwenye nyumba, Bwana Anélus, nitalipa mwezi kwa mwezi, akaongeza theluthi, nami ninayejua hesabu kuliko yeye nikalipa huku nikijua naibiwa, kwa sababu kusaini mwaka ni kama kuwaambia wale jamaa nyumba yangu chukueni.

Sasa shirika linalolisha shule linataka siagi yangu, watoto elfu mbili na mia tatu kila asubuhi, nitahitaji watu kumi na wanne zaidi, ila kwa sharti kinu kifungwe chini kwa saruji na nionyeshe mkataba wa pango wa mwaka, na jibu wanalitaka Ijumaa. Nikawaambia wenzangu nitakataa. Yvrose, mkaangaji wangu, akaweka mwiko chini.

"Madame, kinu kina magurudumu kama mkokoteni wa muuza barafu. Kwani tunakwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kupi? Mlango wangu walishaufanya kuni!"

Wote wakacheka, mimi sikucheka. Akasema siku tatu za kazi kwa wiki, ndizo ninazowapa kwa kuwa sitaki kupanua kazi ugenini, hazimlishi, nikikataa Ijumaa, Jumamosi anavuka mpaka kwenda Jamhuri ya Dominika akafue nguo za watu. Na yule dada muuza uji wa mahindi mlangoni kwangu, mzaliwa wa hapa, kila siku ananiuliza mbona naajiri wa kwetu tu, nikimjibu kwamba tuko kwa muda anaangua kicheko, "Miaka mitatu kwa muda? Hata mimba haikai hivyo!"

Shangazi, kule nilikuwa naanza kukaanga alfajiri, harufu inateremka bondeni, majirani wanakuja na mikate yao mkononi nawapaka, huyu pilipili nyingi, yule hapana, ana vidonda vya tumbo. Nilijua tumbo la kila mtu. Hapa nauza makopo. Nikikifunga kinu hiki kwa saruji, nani atabaki akisema tunarudi?

Guerda

JIBU

Guerda, pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nikalia, ya pili nikapiga hesabu, na hesabu imenikasirisha.

Wenye bunduki walikutoa mlimani. Hawakukwambia ufanye kazi siku tatu kwa wiki. Hilo umejiamulia mwenyewe, na wanaolipia ni Yvrose na wenzake. Unamlipa Anélus theluthi zaidi ili akuuzie ndoto ya kuondoka, naye analala vizuri.

Sikuambii usahau. Mimi mwenyewe nina mtaa ambao siutaji hewani, sauti isije ikanikatika. Lakini mama, mji huu umejaa watu waliokuja na mizigo yao, wamekaa juu yake, wanasubiri. Wewe una kitu cha kuwapa Jumatatu asubuhi. Wangapi wanacho?

Sasa sikiliza. Saini mwaka mmoja, siyo miwili, na hiyo theluthi Anélus aifute mbele yako kabla hujashika kalamu. Kinu kifungwe kwa boliti zilizozamishwa kwenye saruji, fundi yeyote anazifungua kwa spana siku mtakayorudi, usiniletee habari za milele. Katika wale kumi na wanne, nusu wawe wazaliwa wa Cap-Haïtien, na wa kwanza awe muuza uji. Ana mdomo, ndiyo, lakini mtu anayesimama mlangoni pako miaka mitatu akiomba kazi hatachelewa kazini. Na uwaulize wote, wa kwenu na wa hapa, nani hali pilipili. Utashangaa utakavyoyajua matumbo yao.

Shirika lijibiwe leo, usingoje Ijumaa. Yvrose umwambie wewe mwenyewe, asisikie kwa redio. Kisha mwite fundi wa saruji. Atakapoanza kuchanganya, moyo utakuuma kama siku ile mliyoshuka mlimani. Lia, Guerda. Ila usimwambie asimame.