Sauti Iliyohama

Nyumba 3418, Mtaa wa Bandarini,
Ingeniero White, Bahía Blanca,
Ajentina.

9 Juni 2019

Mpendwa dada Ofelia,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Vigo, na kwamba ule mguu uliokusumbua wakati wa baridi umetulia. Wajukuu hawajambo? Yule mdogo ameota meno?

Sisi tunamshukuru Mungu. Nélida alipasuliwa jicho mwezi wa pili na sasa anaona vizuri sana, anaona hata vumbi nililoficha tangu tulipooana. Goti langu linalia kama mlango mkavu. Wiki iliyopita upepo uling'oa bati la banda la kuku tukaliokota kwenye reli.

Barua yako ya mwezi wa tano nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba kaka yako Evaristo alikupigia simu mwezi wa tatu, siku ya Mtakatifu Yosefu, siku yako ya kuzaliwa, mkaongea karibu nusu saa, na ukafurahi kusikia sauti yake imerudi ujanani. Ukauliza anatumia dawa gani.

Dada yangu, siku ile kaka yako alikuwa hajatamka neno tangu Januari. Hukuongea na Evaristo. Nilikuwepo jikoni mwake, nikaona na kusikia, nikanyamaza. Ndiyo maana nakuandikia kwa urefu. Tafadhali keti kwanza.

Wewe uliondoka wakati Sal Gruesa yetu ilikuwa bado bendi. Uliona mwaka wa 1982, redio zilipoacha nyimbo za Kiingereza kwa sababu ya vita na Waingereza, na ghafla kila kituo kikatutafuta sisi, vijana wa bandarini wenye nywele mabegani. Yaliyofuata hukuyaona, na katika barua zetu tulikuwa tunayapamba. Miaka mitano baadaye watu walitaka vinanda vya umeme, tukanunua vinanda. Tukanunua na mashine ya kupiga dramu, na Hilario, mpiga dramu wetu tangu siku ya kwanza, akapewa manyanga asimame pembeni. Ikaja miaka ya cumbia, muziki wa kucheza. Evaristo akavaa shati la kumetameta akaimba kwenye harusi, akitazama ukuta. Baadaye ikawa mtindo wa kukaa juu ya viti na kuimba polepole bila umeme, nasi tukaketi. Migongo yetu ilishukuru.

Lakini watu waliotuacha hawakurudi. Mara ya mwisho tulipopiga Coronel Dorrego, Hilario alichungulia ukumbini akasema, "Jamani, leo wao wakianza fujo tutawashinda. Sisi tuko wengi."

Halafu sauti ya Evaristo ikaanza kufa. Unakumbuka ile noti yake ya juu, ile aliyoichelewesha kidogo halafu ikapasuka katikati kama kuni mbichi? Watu walikuwa wanalipia noti ile moja. Mwaka wa 2017, kule Tres Arroyos, aliifungulia mdomo na hakikutoka kitu. Hakuna aliyezomea. Watu walitazama chini, dada, na hilo ni baya kuliko kuzomewa. Nilimwambia tushushe wimbo, tuupige chini zaidi. Akanijibu, "Anselmo, mimi si lifti."

Sasa nakiri. Mimi na Hilario tulikutana bila yeye tukatafuta mtu mwingine. Punta Alta kulikuwa na vijana waliokuwa wakipiga nyimbo zetu kwa kutuiga, na mwimbaji wao alikuwa fundi wa majokofu, Lautaro, umri miaka ishirini na minane. Tulikwenda kumsikiliza Jumapili moja mchana. Katikati ya wimbo Hilario akanishika mkono. "Hebu fumba macho," akasema. Nilifumba. Nikamwona kaka yako ana miaka thelathini.

Tulipomwambia Evaristo, nilitegemea matusi. Akanywa chai yake chungu ya kibuyu mpaka bombilla, ule mrija wa chuma, ikapiga kelele, akasema, "Mleteni. Anavuta pumzi vibaya, nitamfundisha." Na kweli alimfundisha. Kila Jumatano alikuja mazoezini, akaketi juu ya spika ya zamani, akamwonyesha kwa kiganja: hapa panda, hapa subiri.

Ndani ya mwaka mmoja watu walirudi. Vijana, Ofelia, wenye umri wa wajukuu wetu! Kutoka watu arobaini tukafika mia tatu, kutoka mia tatu tukahamia ukumbi wa klabu ya mpira wa kikapu. Nilikuwa na furaha kama mwizi aliyepewa ufunguo. Kwa hiyo nilipoanza kuona mambo mengine, nilijifanya sioni.

Lautaro alianza kuvuta tumbaku nyeusi, na alikuwa hajawahi kuvuta. Akaanza kuuegemea mguu wa kulia kana kwamba wa kushoto unamuuma. Evaristo ndiye aliyevunjika mguu wa kushoto, mwaka wa 1978, kwenye gati. Nikasema moyoni, kuiga ni kazi yake, acha aige.

Halafu siku moja, tukiwa tunakunja nyaya, akaniuliza kawaida tu, "Anselmo, hivi ule mkono wa mtakatifu bado uko chini ya mti wa tini?"

Hapa lazima nikuombe radhi kwa jambo la miaka sitini. Mkono wa sanamu ya Mtakatifu Silverio, ambao baba yako alikuchapa kwa ajili yake, hukuuvunja wewe. Tuliuvunja mimi na Evaristo kwa mpira, tukaufukia nyuma ya nyumba yenu, tukaapa hatutasema kwa mtu yeyote. Mimi sikusema. Nilikwenda moja kwa moja kwa Evaristo nikamuuliza kama alimwambia Lautaro. Akatikisa kichwa kukataa. Alitaka kujibu zaidi, nikaona anatafuta neno, midomo inaenda na neno halipo.

Ndivyo ilivyokuwa ikimwisha. Kwanza mluzi: unajua alivyokuwa akipiga mluzi akinyoa ndevu. Kisha maneno ya nyimbo zake. Kisha majina ya watu. Januari akanyamaza kabisa. Tulimpeleka kwa daktari wa koo, akammulika, akasema koo la mzee huyu ni zima, wenye koo hili wanaongea. Nikaanza kuweka alama kwenye kalenda ya jikoni. Kila Jumapili Lautaro alipoimba vizuri kupita kawaida, Jumatatu Evaristo alikuwa amepungukiwa na kitu.

Nikampelekea Hilario kalenda. Akaitazama, akanirudishia.

"Umezeeka, Anselmo," akasema.

"Na wewe pia. Hesabu mwenyewe."

"Sihesabu. Miaka thelathini nimepigia viti vitupu. Mashine ilikaa mahali pangu, nikashika manyanga kama mtoto wa chekechea. Sasa watu wanalia nikipiga. Usiniletee kalenda."

Nikaikunja nikaitia mfukoni. Na Jumapili iliyofuata nilikwenda kupiga.

Sasa siku yako ya kuzaliwa. Tulikuwa jikoni kwa Evaristo, watu watatu, saa kumi za jioni, jua limejaa mezani. Kaka yako alichukua simu, akabonyeza namba yako yote bila kukosea, akaiweka sikioni. Ulipoitikia, alifungua mdomo. Kisha akamtazama Lautaro, akampa simu kama mtu anavyompa mwenzake kikombe.

Na Lautaro akaongea nawe. Hakuuliza wewe ni nani. Alikuita Pulguita, jina lako la utotoni ambalo sijalisikia tangu mama yenu azikwe. Alikuuliza kama bado unaogopa bata mzinga. Wakati wote huo Evaristo alikuwa ameketi ng'ambo ya meza, midomo yake ikienda pamoja na maneno, neno kwa neno, bila sauti. Hakutangulia wala hakuchelewa. Nilishika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Ulipokata simu, kijana alikuwa analia. "Sijui nilichosema, mzee," akaniambia. "Maneno yalikuja tu. Huyo mama ni nani?"

Huenda hata hapo ningenyamaza. Bwana ashuhudie udhaifu wangu. Lakini katikati ya Aprili aligonga mlango mwanamke mfupi aliyevaa sare za usafi wa hospitali. Alikuwa mama yake Lautaro, kapanda basi kutoka Punta Alta. Nélida alimpa kiti, akakataa kuketi.

"Mwanangu ananiita señora," akasema. "Juzi nimempikia, akala, akanishukuru vizuri sana, akaniuliza eti nyumbani kwao ni wapi. Kwao, bwana! Kwenye meza aliyojifunzia kuandika. Nyinyi mmemfanya nini?"

Nilivaa koti, nikaenda naye hadi kwa kaka yako, nikamwomba arudie maneno yale mbele yake. Akayarudia. Evaristo alikuwa na karatasi mbele yake, maana siku hizo alikuwa bado anaandika kidogo. Aliandika: Anaimba vizuri kuliko mimi. Yule mama akaisoma, akaigeuza, akaandika nyuma yake kwa kalamu ileile: Ni wangu.

Tarehe 28 Aprili, Jumapili mchana, tulipiga kwenye ukumbi wa kikapu. Watu walikuwa mia tisa. Evaristo alikuja kwa miguu yake akasimama pembeni ya jukwaa, karibu na spika za gitaa langu la besi, amevaa koti la kanisani. Tulipofika kwenye ule wimbo wenye noti yake, Lautaro alikuwa anaimba kama sijawahi kumsikia mtu akiimba, na nilijua bila kalenda kwamba noti ile ya juu ikitoka, hakutabaki kitu cha kurudisha upande wowote.

Akavuta pumzi. Akachelewa, kama inavyotakiwa. Evaristo akatembea hadi katikati ya jukwaa, bila haraka, akachechemea vilevile kama kijana, akamfunika mdomo kwa kiganja. Kwa upole, dada. Kama unavyomziba mtoto anayetaka kuamsha nyumba.

Mimi niliacha kupiga. Hilario akaendelea peke yake, kama pigo kumi hivi, macho ameyafumba, kisha naye akaacha. Katika ukumbi ule wote nilisikia mlio wa spika tu. Halafu kaka yako akasema, kwa sauti ya bawaba yenye kutu, neno lake la kwanza katika miezi mitatu na nusu:

"Basi."

Walituzomea, walitupa chupa, mmoja akapiga kelele, "Mzee mwenye wivu, mwache mwenyewe aimbe!" Lautaro alitazama watu kama mtu aliyeshushwa basi katika mji asioujua. Akamgeukia Hilario, akauliza kwa sauti nyembamba ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuisikia, "Samahani, bwana. Mama yangu amekaa wapi?"

Hivyo ndivyo Sal Gruesa ilivyokwisha, baada ya miaka arobaini na minane. Kijana amerudi kwenye majokofu yake. Alipita hapa mara moja kutengeneza letu, akakataa malipo. Hapendi roki. Anasikiliza ule muziki wa kusemasema wa vijana, na mguu wake umepona. Evaristo anasema maneno kumi au kumi na mbili kwa siku, mengi ni ya kuomba chumvi. Haimbi. Ukimpigia, vumilia kimya chake. Ni chake mwenyewe, nakuhakikishia. Hilario hajaniamkia tangu siku ile, ila wiki mbili zilizopita alikuja kwa jambo moja.

Kuna bendi huko Neuquén, vijana watano, wanaomba ruhusa ya kupiga nyimbo zetu. Walimtumia Hilario wimbo waliourekodi, naye akaniletea. "Sikiliza besi," akasema, akanitazama usoni asiondoe macho.

Nikasikiliza. Ni mimi. Vidole vyangu vitatu, na lile kosa dogo la mwanzo wa ubeti wa pili ambalo nimelifanya tangu 1971 na hakuna mwalimu aliyeweza kuniondolea. Hilario akasema mpigaji ni msichana wa miaka ishirini na mbili, hajawahi kufika pwani. Nilipaswa kusema hapana palepale. Badala yake nikamwambia, "Hebu rudia." Akarudia. Ni uzuri gani huo, Ofelia! Nilimfanya arudie mara tatu, na Hilario alipoondoka alikuwa anatabasamu, na sikumwambia hapana.

Nisalimie shemeji Xurxo, binti zako wote wawili, na yule mdogo wa meno. Nélida anakukumbatia na anasema ukija lete pilipili ile tamu ya unga. Evaristo nimemuuliza nikuandikie nini kutoka kwake, akasema, "Mwambie samahani kwa mkono." Mungu akulinde wewe na nyumba yako, na akuache na kila kilicho chako.

Usishangae kwamba mwandiko si wangu. Namtamkia Nélida maneno, naye anaandika. Tangu Jumanne vidole vitatu vya mkono wangu wa kulia havishiki kalamu.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye tangu utoto wetu,
Anselmo
(kwa mkono wa Nélida)