Jiwe Mbele ya Tairi

Shinyanga Mjini,
Alhamisi asubuhi

Mdogo wangu Bujiku,

Mwangaluka. Najua ungekuwa hapa ungeniamkia kabla hujavuka kizingiti, kwa hiyo pokea marahaba yako mapema. Natumaini kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimepoa, na kwamba vijana wako wa kuziba pancha hapo Katoro bado wanakusikiliza, angalau ukiwa unawatazama. Shemeji yako Generosa anakusalimu sana. Anasema ukija usisahau kumletea michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, maana ya hapa mjini anaidharau.

Mimi afya yangu si ya kuficha. Moyo umechoka, na miguu imevimba hadi viatu vimenikataa. Daktari, kijana mpole sana, ameacha kunieleza habari za dawa. Siku hizi ananiuliza kama nimeshaonana na ndugu zangu wote. Nimemwelewa, wala silalamiki. Nimekula chumvi ya kutosha.

Barua hii nimeiandika kidogo kidogo, kila asubuhi mkono unapotulia, na nimeandika kwa herufi kubwa ili uisome mwenyewe. Mwanao Justa anayekuletea hajui kilichomo. Tafadhali usimpe akusomee. Vaa miwani yako, kaa penye mwanga, usome peke yako mpaka mwisho.

Justa mwenyewe tumekaa naye hapa siku chache. Amenieleza kwamba amechaguliwa kujifunza kuendesha yale malori makubwa ya mgodini Geita, amefaulu vipimo vyote, na anatakiwa kuripoti Jumatatu ya wiki ijayo. Amenieleza pia kwamba umemkatalia. Umemwambia macho ya ukoo wetu huwa mazima ujanani na kuzimika ukubwani, na hutaki siku moja aitwe ofisini kama ulivyoitwa wewe, arudishe funguo mbele ya watu. Nilimuuliza kwa nini asiende tu, yeye si mtu mzima? Akanijibu, "Baba mkubwa, nitaendeshaje kitu kikubwa kama nyumba huku najua baba amekaa nyumbani anaogopa?" Ni mtoto wako yule, lakini maneno yake ni ya mama yake.

Kabla sijafika ninakokwenda, niruhusu nipitie Isaka kwanza. Siku hizi nikifumba macho ndiko ninakojikuta. Nasikia mabehewa yanagongana upande wa reli, nasikia mafundi wanaimba karakanani, nanusa dizeli na maandazi ya kina mama wa kota kwa pamoja. Watu wa leo wakisikia nilikuwa afisa usalama wa kampuni ya malori wanadhani nilikaa na filimbi nikipuliza. Hawajui kwamba ile yadi ilikuwa kijiji, na usalama ulikuwa kazi ya kijiji kizima.

Unaikumbuka nyumba ya kulala? Dereva aliyefika alfajiri ilikuwa lazima alale humo mchana kutwa kabla ya kupewa safari nyingine, na watoto wote wa kota walijua kwamba kupita pale ni kunyata. Walijifunza kucheza mpira bila kupiga kelele. Wakifunga goli walirukaruka midomo imezibwa kwa viganja, na mgeni aliyepita uzioni alidhani ni shule ya mabubu. Na yule jogoo wa Mama Nelly, aliyekuwa akiwika saa sita mchana chini ya dirisha la madereva! Alishtakiwa kwenye mkutano wa asubuhi. Mama Nelly akamtetea kwamba jogoo hana saa. Selestine mumewe, aliyekuwa hajalala vizuri wiki nzima, akasema basi apewe likizo ya kudumu. Tulimla Jumamosi hiyo hiyo, na Mama Nelly mwenyewe ndiye aliyeomba firigisi.

Lakini nililojivunia kuliko yote ni jiwe. Nyaraka za kampuni zilikuwa na sheria nyingi, ila hii haikuandikwa popote, tuliitunga wenyewe. Mtu yeyote wa yadi, awe mke wa dereva, mpishi, mlinzi au utingo, akiona dereva hafai kutoka siku hiyo, alichukua jiwe akaliweka mbele ya tairi la lori lake. Dereva hakuruhusiwa kuligusa. Aliyeliweka alikuja ofisini kwangu, akanieleza sababu tukiwa wawili tu, na sababu hiyo sikuitoa nje. Tukikubaliana la kufanya, alikwenda kuliondoa yeye mwenyewe.

Kina mama walilitumia kwa mambo yao pia. Mama Nelly aliliweka siku moja kwa sababu Selestine alitoka nyumbani na hasira katikati ya ugomvi. Madereva wakamzunguka Selestine wakimuuliza kama lori limeota mizizi, na kama anataka wamletee mbolea. Mimi nikaamua kwamba sababu ni halali, maana anayeondoka na hasira huendesha na hasira. Wakarudi ndani, wakamaliza ugomvi wao, na lori likatoka saa mbili baadaye. Bosi alininunia. Nikamwambia saa mbili ni nafuu kuliko jeneza.

Sasa nifike kwa dereva mwenzako Maige. Sitarefusha, kwani ulikuwepo na mimi sikuwepo. Ulikuwa nyuma yake kwenye msafara wa mafuta kuelekea Geita, ukaona lori lake likilala na kuwaka, na ukavuta ule mlango hadi viganja vikabanduka ngozi. Mlango haukufunguka. Ulirudi Isaka, ukafungwa bandeji, ukapumzika, halafu ukaniambia uko tayari. Nikakuamini, kwa sababu ulicheka kama zamani na ulikula kama zamani.

Utakumbuka kwamba wiki chache baadaye, asubuhi moja kabla ya mkutano, ulikuta jiwe mbele ya tairi lako. Aliyeliweka alikuwa mkeo. Watu walicheka, wakasema Bujiku kanyimwa ruhusa, na jioni Asteria alikuambia kwamba alikasirika kwa sababu ulisahau kuacha hela ya sare za shule za mwanenu Enock. Uliamini. Wote waliamini. Haikuwa kweli.

Asteria alikaa kwenye kiti cha ofisini kwangu, Justa akiwa mgongoni. Aliniambia kwamba ukilala unashika ukingo wa kitanda kama usukani na kumwita Maige afungue mlango. Alisema una usiku mwingi hujapata usingizi. Kisha akaniambia lililonikata maini: kwamba wewe mwenyewe ulimsimulia, ukicheka, jinsi ulivyojikuta getini Isaka na tela lako bila kukumbuka hata kidogo barabara ya kutoka Kahama. Nikamwambia nitazungumza nawe. Akakataa. Alisema ukijua kwamba yeye ndiye aliyekutoa barabarani hutamsamehe, na madereva wakijua unapiga kelele usingizini watasema umerogwa au umekuwa mwoga, na kampuni itakufukuza. Akasema, "Shemeji, mimi sikuolewa na dereva. Niliolewa na Bujiku. Nitafutie njia abaki." Nikamwapia kwamba sitasema.

Akatoka, akaliondoa jiwe kwa mkono wake, watu wakampigia makofi. Mimi nikakuita ofisini nikupime macho.

Bujiku, ile karatasi kubwa ya herufi ukutani uliisoma yote. Ulisoma mstari wa mwisho, ule ambao mimi mwenyewe niliuona kama wadudu, bila kukosea hata herufi moja. Nami nikakuambia umekosea. Nikakurudisha juu, ukasoma tena, nikakuambia umekosea tena, mpaka nikaona unaanza kusitasita na kweli unakosea. Wengine niliowatilia shaka niliwapeleka hospitali. Wewe nilikuambia hakuna haja. Ukanitazama, ukasema, "Kama kaka umeona hivyo basi ni hivyo, wewe ndiye mwenye shule." Ukaweka funguo mezani.

Nikakupeleka stoo ya matairi. Nikakununulia miwani sokoni hapa Shinyanga, nikachagua yenye nguvu ndogo kuliko zote. Ulipolalamika kwamba inakuumiza kichwa, nilikuambia utaizoea.

Macho yako yalikuwa mazima. Kinachokusumbua sasa ukisoma ni uzee, na huo ninao mimi, anao Generosa, anao kila mtu wa rika letu. Hakuna upofu katika ukoo wetu. Baba aliona ndama aliyepotea ng'ambo ya mbuga mwaka uleule aliokufa; wewe mwenyewe ulikuwa naye siku ile. Ulikuwa na jeraha la Maige, na jeraha la namna hiyo lilikuwa na dawa yake: kupumzika, kuzungumza, kupata mtu wa kukusikiliza. Ningekuwa mwaminifu ningekutafutia dawa hiyo, na labda baada ya mwaka ungerudi barabarani.

Nimejiambia miaka yote kwamba nilinyamaza kwa sababu ya kiapo changu kwa Asteria. Ni kweli, lakini si kweli yote. Nilikuwa naogopa. Kila msafara ulipotoka nilihesabu malori kwa kidole kama mama anayehesabu vifaranga, na baada ya wewe kwenda stoo niliacha kuogopa. Nilifika kazini asubuhi, nikakuta umekaa juu ya tairi unakunywa chai, nikafurahi. Ile ndiyo miaka mizuri kuliko yote ya maisha yangu, na niliipata kwa kukuibia yako. Nilikuona ukiacha kupanda baiskeli. Nilikuona ukimshika Justa mkono kuvuka barabara tupu, ukitega sikio. Nikanyamaza.

Asteria usimlaumu. Alikupenda akaogopa, na kwenye kitanda chake cha mwisho, mwaka juzi, aliniomba nikuambie nitakapoona inafaa. Mimi ndiye niliyeendelea kuahirisha. Kama utamweleza Justa habari za mama yake, au utanyamaza, hilo ni lako.

Sikuombi unisamehe kwa haraka. Pengine nitakuwa nimeondoka kabla hujamaliza kukasirika, na hasira hiyo ni haki yako. Ninakuomba jambo moja tu. Jumatatu ya wiki ijayo mpeleke Justa Geita mwenyewe. Nenda naye mpaka getini, waone kwamba ana baba. Mfundishe njiani yale uliyoyajua wewe na ambayo hakuna darasa linaloyafundisha: jinsi ya kusikiliza breki, jinsi ya kukiri umechoka bila aibu.

Na kama siku hizo hizo utapigiwa simu kwamba kaka yako amefariki, usikatishe safari. Najua watu watasema. Generosa na Enock nimeshawaeleza, na wamekubali kukutetea mbele ya ukoo. Kaburi litachimbwa, watu watanizika, nami nitaendelea kuwepo palepale utakapokuja. Mtoto mfikishe kwanza.

Wabeja sana, nakushukuru, mdogo wangu. Wasalimie wote hapo Katoro, na Mungu akulinde barabarani.

Kaka yako,
Benjamini
(Baba Suzana)