Sweta ya Njeri

Jumatatu, 7 Julai 1958

Nimefua vitambaa kabla majirani hawajaamka. Nimevianika ndani, nyuma ya pazia. Nje sithubutu. Wambui wa chumba cha pili ana macho makali na hana kazi nyingi ya kuyafanyisha.

Shuleni nilivaa sketi nyeusi. Darasa la kwanza, hesabu za kutoa. Nikainuka kuandika ubaoni, nikasikia kimya. Watoto wa darasa la kwanza hawanyamazi bure. Nikageuka. Doa kwenye kiti, kubwa kama sahani. Nikalikalia tena, nikafundisha nimekaa mpaka kengele ilipolia, nikawaambia watoto watangulie. Kiti nimekifuta kwa kitambaa cha ubao. Kitambaa nimekitupa chooni.

Siku ya kumi na tisa mfululizo. Mwalimu mzima. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda kwa daktari. Mwaka jana aliniambia nina uvimbe, nikakimbia, sikurudi. Leo amesema umeongezeka, tumbo limekuwa kama la mimba ya miezi mitano, damu imenipungukia mno. Kizazi kitolewe. Baada ya hapo wiki sita nisiinue hata debe la maji. Akaniuliza ninaishi na nani. Sikujibu vizuri.

Dresa Zakaria, msaidizi wa daktari, ndiye aliyekuwa akitafsiri. Zakaria huimba sauti ya chini kanisani kwetu Kamenu. Daktari akauliza nimezaa watoto wangapi. Zakaria hakungoja nifungue mdomo. Akamjibu: mmoja. Akanitazama kwa wema, kana kwamba ananisaidia kubeba mzigo. Nikaitikia. Daktari akaandika. Akasema basi ni heri, maadamu ninaye mmoja hakuna haja ya kuhangaika kukiokoa kizazi.

Sina mmoja. Sijawahi kuzaa. Ni mara ya kwanza ninaandika hivyo mahali popote, hata humu. Na ninaandika kwa Kiswahili cha shule kwa sababu Wambui husoma Kikuyu cha Biblia tu.

Jumamosi, 12 Julai

Wambui ameingia bila hodi, kama kawaida yake. Zakaria amemwambia. Alilia kidogo, akafuta pua, kisha akaanza kupanga. Atanipikia. Mwanawe Kamau atapasua kuni. Na maji je? Akapiga paja. Si Njeri ni mkubwa sasa? Miaka kumi na miwili! Aje amuuguze mama yake.

Nikasema ana shule. Akaniuliza, likizo ya Agosti imefutwa lini? Mimi ndiye mwalimu, na nimesahau likizo.

Niandike yote, nitue. Nilikuja Thika mwaka wa 1947. Mume alikuwa amenirudisha kwetu baada ya miaka saba bila mtoto. Wambui akaniuliza siku ya kwanza: tukuite mama nani? Ningesema niiteni Wairimu, mwalimu. Nikasema Mama Njeri. Njeri ni jina la mama yangu. Mimi ni mtoto wake wa pekee, hakuna mwingine wa kumzalia jina. Nilijiambia ninamtaja mtoto mapema kidogo tu.

Basi mtoto akakua. Akaota meno, akaugua surua, akaanza shule, yote huko Gitothua, Ruiru, kwa cucu, bibi yake. Wambui akaniuliza mbona msichana wa kwanza ana jina la mama yangu, na si la mama mkwe kama desturi. Nikasema huyo wa kwanza alikufa. Nikazika mtoto ambaye hakuzaliwa, na Wambui akamlilia machozi ya kweli. Hali ya hatari ilipokuja, Mungu anisamehe, ikanifaa. Hakuna aliyesafiri bila kibali, kwa hiyo hakuna aliyeuliza mbona Njeri haji. Kila Jumatano Wambui alimwombea Njeri kwa jina. Kamau wake alikuwa kizuizini wakati huo. Alimwombea wangu kwanza, ndipo wake.

Ningekuwa mwanafunzi wangu ningejichapa.

Jumatano, 16 Julai

Nimeanguka nikiteka maji mferejini. Debe likabingirika, wanawake wakanishika makwapani. Sketi ilikuwa imelowa na si kwa maji peke yake. Mmoja wao akanifunga leso yake kiunoni bila neno. Sikuweza hata kumwambia asante.

Mchana nimerudi kwa daktari. Nimekubali. Jumanne, tarehe tano Agosti.

Sababu ya kukimbia mwaka mzima ninaijua. Si kisu. Nina miaka thelathini na tisa, sina mume, na bado nilikuwa nikihesabu siku. Kizazi kikiwa ndani, Njeri ni mtoto aliyechelewa. Kikitoka, Njeri ni uongo.

Jumamosi, 19 Julai

Ruiru, kwa treni ya asubuhi. Mama alikuwa anapalilia nyuma ya nyumba. Amekonda. Nikamwambia nina uvimbe, nitapasuliwa, kizazi kitatolewa. Akaendelea kupalilia mstari mzima mpaka mwisho, ndipo akaja kukaa. Akauliza kama nitapona. Nikasema ndiyo. Jina lake, ambalo sasa halitapata mtoto, hakulitaja. Ni mimi niliyekuwa nikilifikiria. Nikamuomba msamaha, akadhani ninaomba msamaha kwa kumtia wasiwasi.

Akasema atakuja kuniuguza. Nikamkataza. Nikasema Wambui ananitosha. Angekujaje? Angefika kwenye kiwanja chetu, watu wamuulize Njeri hajambo, naye angeshangaa.

Kwa hiyo: nimemwambia Mama kwamba Wambui ataniuguza, na nimemwambia Wambui kwamba Njeri amepata mafua. Nimewafungia mlango wote wawili. Nitateka maji kwa kutambaa.

Jumanne, 22 Julai

Sanduku la bati, chini ya kitanda. Nimelitoa. Zawadi za Wambui kwa Njeri, Krismasi kumi na moja. Gauni mbili. Kitambaa cha kichwa. Shanga. Kibao kidogo cha kuandikia. Kitabu cha nyimbo, ndani kimeandikwa kwa mwandiko wake mzito. Na sweta ya mwaka wa 1952, nyekundu, mstari wa buluu shingoni, ya mtoto wa miaka sita. Aliifuma kwa wiki tatu. Nilimwambia imemkaa vizuri.

Nikifa mezani kwa daktari, Wambui ndiye atakayefungua sanduku hili. Hilo linanitisha kuliko kufa.

Nilitaka kuchoma vyote. Nikawasha jiko, nikashika sweta. Nikapikia uji moto ule.

Ijumaa, 25 Julai

Shule zimefungwa. Nimerudi na rundo la madaftari, nimemkuta Wambui mlangoni anatabasamu. Amenisaidia, anasema. Kuna mzee wa kanisa anayenunua viazi Ruiru kila wiki. Amempa ujumbe aufikishe Gitothua: Njeri anahitajika Thika kwa mwalimu, aje kabla ya upasuaji, mafua au si mafua.

Nikamshukuru. Mdomo wangu ulisema asante wenyewe.

Katika nyumba ile ya Gitothua Njeri ni mmoja. Ujumbe utamfikia Mama, naye atajua anaitwa yeye. Atakuja. Maji yamenifika shingoni.

Jumapili, 27 Julai

Kanisani wameniombea. Mchungaji alisema Mama Njeri na binti yake. Wote wakasema amina. Sauti ya Zakaria niliisikia chini ya zote.

Mchana nilikwenda mpaka mlango wa Wambui nimwambie. Nilimsikia ndani akiimba, anapepeta maharagwe. Nikarudi. Hatua kumi na mbili kwenda, kumi na mbili kurudi.

Jumanne, 29 Julai

Sijatoka. Damu. Uji. Nimekwenda mlangoni kwake tena. Nimerudi tena.

Alhamisi, 31 Julai

Mama amefika saa tano, kwa miguu kutoka stesheni, kiondo mgongoni. Wambui alikuwa anatoka mferejini, debe kichwani. Nilikuwa mlangoni, niliona yote, sikuwa na pa kujificha.

Wambui akamsalimu kwa heshima zote. Halafu akachungulia nyuma yake.

"Njeri yuko wapi, cucu?"

"Si ni mimi," Mama akasema. "Nimeitwa, nimekuja."

Wambui akacheka, akadhani mzee anamtania. Akasema anamuuliza yule mdogo. Mama akanitazama. Sijui aliona nini usoni kwangu, lakini nikaona anafungua mdomo kunikinga, hata kabla hajajua ananikinga na nini. Hapo nikashindwa. Nilishindwa kuvumilia kumwona mama yangu anaanza kusema uongo kwa ajili yangu, mzee yule, na vumbi la safari miguuni.

"Hakuna mdogo," nikasema. "Hajawahi kuwapo."

Wambui alisimama. Akatua debe chini polepole, maji hayakumwagika hata tone. Akaingia kwake, akafunga mlango. Debe alikuwa ananiletea mimi.

Ndani, Mama amekaa kitandani, nimemweleza yote bila kumtazama. Akatoa vitu kwenye kiondo. Njahi. Maharagwe hayo meusi hupikiwa mwanamke aliyejifungua. Alikuwa amezichagua moja moja, hakuna hata jiwe. Kisha akaomba aonyeshwe sanduku. Akaitoa sweta, akajipima kifuani, akasema inambana kidogo mabegani. Nilitaka kucheka. Nimelia mpaka kwikwi.

Ijumaa, 1 Agosti

Nimekwenda kwa daktari peke yangu. Zakaria yupo. Sikumsubiri atafsiri. Nikasema kwa Kiingereza changu cha chuo: sijazaa, niliyosema si kweli. Zakaria akatazama viatu vyake. Daktari akakata ile moja kwa kalamu, akaandika sifuri, kisha akaweka kalamu chini.

Akasema basi tuzungumze upya. Anaweza kujaribu kutoa uvimbe na kukiacha kizazi. Hatari ya damu ni kubwa zaidi, na kwa umri wangu na wingi wa uvimbe haahidi kwamba nitazaa. Lakini anaweza kujaribu. Akaniuliza ninataka nini.

Niliangalia sifuri ile. Niliwaza Mama na mistari yake ya palizi. Nikawaza kiti cha darasani. Nikasema kitolewe.

Si ushujaa. Nimechoka. Nataka kusimama ubaoni bila kuangalia nyuma yangu. Na nilitaka, mara moja tu, jambo hili liamuliwe na mtu anayesema kweli.

Kufikia Jumapili kwaya nzima itajua. Njiani kurudi nilishuka barabarani mara mbili nisikutane na watu wa kanisa.

Jumamosi, 2 Agosti

Mlango wa Wambui bado umefungwa. Kamau amepasua kuni zetu bila kuniangalia. Nimebeba sanduku, Mama akanisaidia upande mmoja, tukaliweka mlangoni kwake na kila kitu ndani. Nikabisha. Nikaondoka haraka kabla hajafungua, mtu mzima mimi.

Nilipochungulia baadaye halikuwapo.

Jumapili, 3 Agosti

Sikwenda kanisani. Mama alikwenda. Aliporudi nikamuuliza walisema nini. Akasema mahubiri yalikuwa marefu. Nikauliza tena. Akasema benchi ni ngumu. Basi nikaacha.

Nimefunga mizigo: khanga mbili, sabuni, vitambaa vyote vilivyobaki, sahani, kijiko. Nimewatengenezea watoto orodha ya maneno ya kusoma muhula ujao, mwalimu mwingine awape kama sitarudi kwa wakati. Viatu vya kwenda wodini sina.

Jumatatu, 4 Agosti

Asubuhi. Naingia wodini saa nane.

Mama amepika njahi, nimekula bakuli zima kwa sababu alisimama pale mpaka nikamaliza.

Wambui ameingia, bila hodi. Hakutusalimu mimi wala Mama. Akatoka na debe, akateka maji, akarudi, akamimina pipani. Mara nne. Pipa likajaa. Kisha akakaa kwenye kigoda, magoti wazi, mikono imelegea. Akasema ana hasira. Akasema hasira haijaisha na haijui itaisha lini. Maombi yale yote, akasema, hajui ayapeleke wapi sasa. Nikasema tu kwamba naona aibu. Akasema anajua, inaonekana.

Akatia mkono kwenye aproni, akatoa soksi. Nyekundu, mstari wa buluu kwenye kifundo cha mguu. Alikuwa ameifumua ile sweta.

"Wodini kuna baridi, Wairimu," akasema.

Miaka kumi na moja hajawahi kuniita hivyo.

Amekwenda kumtafuta Kamau abebe mzigo wangu. Mama anaosha vyombo. Soksi nimezivaa. Zinanitosha.